Aliyepigwa na Wote Wawili

Baba mwenye nyumba wangu wa Chang'ombe, Dodoma, alipigwa na mabingwa wawili wa ngumi wa uzito wa kati, mmoja wa zamani na mmoja wa juzi juzi, na kwa sababu hiyo watu hawakumwacha apumzike. Bingwa wa zamani aliitwa Garimoshi. Wa juzi juzi aliitwa Kipupwe. Hao wawili hawakuwahi kukutana ulingoni. Kipupwe alipoanza kupata jina, Garimoshi alikuwa ameshazikwa. Mtu pekee tuliyemjua aliyewahi kusimama mbele ya wote wawili alikuwa huyu mzee wetu. Alipigana na Garimoshi akiwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinachungulia, akaja kupigana na Kipupwe akiwa mtu mzima mwenye watoto shuleni. Alipoteza mapambano yote mawili. Mtaani walimwita Mpinzani.

Jina hilo lilitokana na matangazo. Gari lenye spika likipita kutangaza pambano lilimtaja bingwa kwa majina yake yote na sifa zake zote, kisha likamalizia, "na mpinzani wake kutoka Chang'ombe." Basi. Hata jina la ubatizo hawakuhangaika nalo. Nilimuuliza kama hilo halikumuudhi.

"Mwanzoni liliniudhi," alisema. "Baadaye nikaona, ah, mimi ni kama chumvi. Umeshaona hoteli inaandika chumvi kwenye ubao wa vyakula? Lakini wasipoitia, utakula?"

Nilipanga chumba kwake nilipohamishiwa Dodoma pamoja na ofisi, kama wengi wa wakati ule. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa vikaoni. Kutwa nzima nasikiliza watu wazima wakibishana, kwa hiyo nilimwomba dalali anitafutie nyumba yenye kimya, naye akaniapia kwamba nyumba hii ina kimya kama kanisa siku ya Jumatano. Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, nilitoka chumbani nikakuta uani wamejaa wanaume: waliowahi kufanya kazi reli, waendesha bodaboda, mafundi, makarani wa ofisi nyingine. Katikati yao, juu ya kigoda, ameketi baba mwenye nyumba na kikombe cha chai, anatazama chini.

"Mzee, leo tuambie ukweli. Nani zaidi?"

Akanywa chai kwanza. "Garimoshi," akasema.

Wazee wakapiga makofi, vijana wakaguna. Jumapili iliyofuata wakaja tena, wakauliza vile vile, naye akasema, "Kipupwe." Kukawa na kelele.

"Lakini wiki iliyopita ulisema Garimoshi!"

"Wiki iliyopita zilikuwa zinauma mbavu," akajibu. "Leo kinauma kichwa."

Nilidhani ni mzaha. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa na jibu la kweli kuliko hilo.

Alikuwa na namna yake ya kutembea. Bega la kushoto lilitangulia, kidevu kimefichwa nyuma yake, na mlango wowote aliuingia ubavuubavu kama mtu anayepita kati ya ng'ombe. Alipumua kwa pua, kwa sauti, fu, fu, fu, hata akiwa amebeba sahani. Ukiwa chumbani ulijua amefika getini kabla hajagusa komeo. Mkewe, ambaye sote wapangaji tulimwita Mama, aliniambia kwamba mwendo ule haukuwa wake. Alipopigwa na Garimoshi alikaa ndani kitambo, halafu akatoka na kuanza kumwigiza. Alikwenda stesheni, Garimoshi alikokuwa mchukuzi, kumtazama akibeba magunia, akarudi nyumbani akawa anatembea kama yeye, anakula kama yeye, anapumua kama yeye. "Nilioa mtu mmoja nikajikuta naishi na mwingine," Mama alisema, halafu akajisahihisha, "niliolewa, namaanisha," tukacheka sana. Mzee alikusudia kuwa Garimoshi wa pili. Haikuwa hivyo, ila mwendo ulibaki.

Kazi yake ya mchana ilikuwa kufyatua tofali za saruji. Serikali ilipohamia, mji ukawa unakua kila upande, na tofali zilitakiwa kuliko mkate. Jioni alirudi kope zimejaa vumbi la kijivu, akanawa kwenye beseni, akakaa barazani. Hapo ndipo aliponieleza mambo ya ngumi, mimi ambaye nilikuwa sijui hata raundi ni nini. Nadhani alipenda kunieleza kwa sababu sikuwa na upande.

"Wanataka niwaweke hawa wawili kwenye mzani mmoja," alisema jioni moja. "Mzani upi? Siku ya Garimoshi tulipimwa asubuhi ya pambano, kwenye mzani wa magunia, nguo mwilini. Mwenzangu alikuwa ametoka kushusha mizigo. Ulingo wenyewe mbao zimelazwa juu ya mapipa, ukikanyaga vibaya mguu unazama. Glovu zimechakaa, sufi yote imekimbilia pembeni, ngumi ikikufikia unahisi vifundo vya vidole kimoja kimoja."

"Na Kipupwe?"

"Kipupwe walimpima jana yake. Alipata usiku na mchana wa kula, kunywa, kulala. Ana kocha, ana mtu wa kumchua. Alikuwa amenitazama kwenye video mpaka anajua kwamba nikitaka kurusha mkono wa kulia napepesa jicho. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Mke wangu alikuwa hajui!"

"Basi huyo alipendelewa," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Kila mtu anapigana na njaa ya wakati wake. Garimoshi ungempa video angesinzia. Kipupwe ungempa gunia angevunjika mgongo. Mtu humpimi nje ya njaa yake."

Halafu akasimama, pale pale barazani, kunionyesha. Akiwa Garimoshi alionekana mfupi. Alijikunja, akaja mbele bila haraka, hatua ndogo ndogo za kukata njia, kona hii, kona ile, mpaka nikajikuta nimebanwa ukutani na ndoo ya maji. "Hakimbii," alisema. "Anakufungia tu. Unaona ulingo unapungua, unapungua, mwisho unakuwa kama kitanda. Kichwa hakigusi. Anagonga mbavu kama mtu anayegonga mlango wa jirani, kwa adabu, lakini haachi. Kufika raundi ya tano unaomba mtu afungue."

Akiwa Kipupwe alirefuka. Visigino vilinyanyuka, mkono wa kushoto ukaning'inia kiunoni kama hauna kazi. "Huyu humpati. Wewe unapiga pale alipokuwa. Mkono wake unakugusa pua. Tena pua. Tena pua. Huumii, unaaibika. Unasikia watu wanaanza kucheka. Ukikasirika tu, umekwisha, ndicho alichokuwa anakingojea."

Alikaa, akapumua.

"Garimoshi alinitia hofu. Kipupwe alinifanya nijione mjinga. Sijui lipi ni baya zaidi. Ukiwa kijana, hofu ndiyo mbaya. Ukiwa mtu mzima, ujinga."

Mtu angedhani mwanaume wa namna hiyo angekuwa mgomvi. Hakuweza kuvumilia ugomvi hata kidogo. Wapangaji wawili wakipandishiana sauti kuhusu zamu ya kufagia uani, yeye aliingia ndani, akafunga mlango, akawasha redio ya kwaya. Sindano aliiogopa mpaka Mama alilazimika kumshika mkono zahanati. Ngumi kwenye televisheni hakutazama. Zikionyeshwa kibandani kwa jirani, alipita upande wa pili wa barabara. Wakimwuliza sababu, alisema, "Nasikia harufu."

Mara moja tu nilimwona akitumia ujuzi wake. Kijana mmoja wa mtaani, amelewa, alikuja getini kumdai mpangaji mwenzetu radhi kwa jambo la mwanamke, na mzee alipomwambia arudi kesho, kijana akarusha ngumi. Mzee hakurudisha. Alizungusha bega tu, ngumi ikateleza kama maji kwenye bati, na kabla kijana hajajua kilichotokea alikuwa amekumbatiwa. Amekumbatiwa kwelikweli, mikono yote imebanwa, kichwa cha mzee kimelala begani kwake. Walikaa hivyo muda mrefu. Kijana alitukana, akasukuma, akachoka, mwisho akalia. Mzee akamwachia akampa maji. "Unaangusha mkono wa kulia ukirusha wa kushoto," akamwambia. "Siku moja utaumizwa na mtu asiyekupenda."

Kuna jambo lingine alilofanya kila asubuhi ambalo kwanza nilidhani ni sala. Alisimama karibu na bomba, mswaki mkononi, akitaja majina ya wajukuu wake kwa sauti ya chini, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Akimaliza alisema, "Bado wapo," akaendelea kupiga mswaki. Siku aliposita kwenye jina la mmoja, alibaki amesimama na povu mdomoni, macho ameyakaza kwenye ukuta, mpaka Mama alipolitaja jina lile kutoka jikoni bila kugeuka. Mabondia wa wakati wake wengi walikuwa wameanza kupotea kwa namna hiyo. Alijua. Hakulisemea, isipokuwa siku moja aliponiambia, "Kupigwa ni kazi kama kazi nyingine, ila mshahara wake unachelewa sana kufika."

Mama naye alikuwa na jibu lake kwa wale wanaume wa Jumapili. Walimzoea, wakamwuliza kwa utani, "Mama, wewe unasemaje, Garimoshi au Kipupwe?" Alikuwa anachagua mboga za mlenda kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Wote wawili walinirudishia nusu ya mume," alisema. "Hizo nusu sijawahi kuzilinganisha."

Siku hiyo waliondoka mapema.

Mambo yalikuja kuwa makubwa pale kata ilipojenga ukumbi wa mazoezi kwa ajili ya vijana. Ukumbi ulikuwa mzuri, una ulingo wa kweli, na ulihitaji jina. Wazee wakataka uitwe Garimoshi. Vijana wakataka Kipupwe. Kukawa na vikao, maneno makali, mpaka jirani na jirani wakawa hawasalimiani. Mwisho mtendaji wa kata akaitisha mkutano, akasema kuna mtu mmoja tu anayeweza kuamua, na neno lake litakuwa la mwisho. Wakamtuma mjumbe nyumbani. Mzee alikataa mara nyingi, halafu akakubali kwa sababu alichoka kukataa.

Nilikwenda naye. Alivaa koti lake la kanisani. Ukumbi ulijaa, mbele kabisa ameketi binti wa Garimoshi, mama mtu mzima aliyetoka Miyuji na kanga nyeusi mabegani, mikono ameikunja kama anayesubiri hukumu. Kipupwe hakuwepo. Tuliambiwa anaumwa, yuko Kibakwe kwa wakwe zake.

Mtendaji akamkaribisha kwa maneno marefu. Mzee akasimama, bega la kushoto mbele.

"Shikamooni wakubwa zangu, hamjambo wadogo zangu," alianza. "Mmeniita mimi niwe rula. Rula lazima inyooke, tena ibaki vile vile, leo na kesho. Garimoshi alinipiga nikiwa sijajua kupigwa. Kipupwe alinipiga nikiwa nimechoka kupigwa. Hao ni watu wawili waliopiga watu wawili. Yule kijana aliyepigwa na Garimoshi hajawahi kumwona Kipupwe. Na mimi huyu wa sasa, Garimoshi angenionea huruma akaniambia nenda kalale. Sasa mnataka nipime kwa kutumia nani?"

"Mzee anaogopa!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Ndiyo," mzee akasema. "Hilo umelijua." Akakaa.

Mkutano ukavunjika kwa kelele. Binti wa Garimoshi alikuja akamshika mkono, akaenda zake. Ukumbi haukupata jina. Mara ya mwisho nilipopita, walikuwa wameweka ndani viti vya plastiki vya kukodisha kwa ajili ya harusi, na ulingo umefunikwa kwa turubai. Nyumbani nako wanaume wa Jumapili walipungua. Nilidhani angefurahi, amepata kupumzika. Lakini Jumapili zile alikaa kwenye kigoda na chai yake, akawa anatazama geti.

Ndipo mke wa Kipupwe alipopiga simu. Habari za mkutano zilikuwa zimefika mpaka Kibakwe, kila mtu na maneno yake, na mumewe alikuwa amezisikia. Mzee aliweka simu kwenye spika kwa sababu sikio lake la kulia halikuwa zuri, nami nilikuwa pale nakunja nguo.

"Shemeji, naomba uje," mama yule alisema. "Tangu asikie hayo, kila asubuhi anajifunga vitambaa mikononi anatoka uani. Anasema pambano lake na Garimoshi limeahirishwa vya kutosha, leo lazima liwe. Namwambia Garimoshi alishakufa, ananijibu nimehongwa. Mimi ananisahau jina, shemeji. Garimoshi hamsahau."

Mzee akaniangalia mimi na kigari changu kidogo kilichoegeshwa nje.

Tulikwenda Jumamosi. Njia nzima, mpaka tulipoipita Mpwapwa na kuanza kupanda milima, hakuongea sana. Huko juu hewa ilikuwa ya baridi, mashamba ya maharage yamening'inia kwenye miteremko kama nguo zilizoanikwa. Nilimwuliza kwa nini Kipupwe, aliyekuwa hapatikani kwa ngumi, ndiye aliyeharibika kichwa, wakati yeye aliyepigwa ujana wake wote bado anawataja wajukuu.

"Alikaa mno ulingoni," alisema. "Miguu ikaisha, yeye hakuondoka. Sisi tuliozoea kupigwa tunajua jinsi ya kupigwa, unaipokea ngumi huku unaondoka nayo kidogo. Yeye alikwepa maisha yake yote. Zilipoanza kumpata, zilimpata nzima nzima." Baada ya muda akaongeza, "Na walimwudhi. Hata akiwa na mkanda kiunoni wazee walimwambia, vizuri, lakini bado hujawa Garimoshi. Unampigaje mtu aliyekufa? Akawa anaendelea tu kumtafuta kwa walio hai."

Tulifika kabla ya mchana. "Mbukwenyi," mzee alisalimia kwa Kigogo alipoingia uani, kama alivyozoea kusalimia nyumba za huko. Mke wa Kipupwe alitoka jikoni akifuta mikono, akapiga goti kidogo, "Shikamoo shemeji." Kabla hajaitikiwa, mwanaume aliyekuwa ameketi kwenye benchi ukutani alisimama.

Alikuwa mrefu, bado mzuri wa sura, mdogo kwa baba mwenye nyumba wangu kwa miaka mingi, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa kwenye basi asijue amefika wapi. Mikononi alikuwa amejizungushia vipande vya kanga. Alimtazama mzee alivyoingia ubavuubavu, bega mbele, fu, fu, fu. Uso wake ukafunguka.

"Garimoshi," alisema. "Umekuja."

Mkewe akafungua mdomo. Mzee alimzuia kwa kiganja. Nilimwona anafikiri, na nilimwona anachoka kabla hata hajaanza. Kisha akavua koti, akanipa.

"Nimekuja," alisema. "Wamesema unanitafuta."

Sikuwa nimewahi kuona pambano la ngumi, na hilo ndilo nililoliona. Wanaume wawili wazee katika ua uliofagiliwa, kuku wakikimbilia pembeni. Mzee alijikunja akawa mfupi, akaanza kuja mbele kwa zile hatua za kukata njia. Na Kipupwe, ambaye mkewe alisema asubuhi ile ile alikuwa ameshindwa kufunga vifungo vya shati, alinyanyua visigino. Alielea. Sina neno jingine. Mkono wa kushoto ulitoka kiunoni ukamgusa mzee pua, kwa wepesi, kama mtu anayeondoa nzi kwa mtoto. Akahama. Akagusa tena. Mzee akawa anapiga hewa pale mwenzake alipokuwa. Mke wa Kipupwe alifunika mdomo kwa kanga, na mabega yalikuwa yanatikisika, sijui kwa kicheko au kilio.

Lakini mzee aliendelea kuja. Hakuharakisha. Alifunga upande wa jiko, akafunga upande wa zizi, na ua ukawa unapungua. Mwili wa Kipupwe ulianza kuchoka. Mgongo ukagusa ukuta. Akaangusha kiwiko, na mbavu zikabaki wazi. Mzee alikuwa pale pale, ameinama, ngumi ya kushoto imeshaondoka. Niliiona inakwenda. Ikafika ubavuni, ikasimama, ikafunguka, ikawa kiganja tu kimelala pale, juu ya shati.

Wote wawili wakabaki wanahema.

Kipupwe akakitazama kile kiganja. Akamtazama mzee usoni, kwa muda mrefu, akikunja paji la uso.

"Wewe si Garimoshi," alisema. "Garimoshi angepiga."

"Angepiga," mzee akakubali.

"Wewe ni yule mwingine. Wa Chang'ombe. Mpinzani wangu. Nilikupiga."

"Ndiye mimi. Ulinipiga vizuri."

"Kwa hiyo hakuja."

"Hawezi kuja, ndugu yangu. Alikufa. Alikufa kabla hujaupata mkanda."

Niliogopa. Nilidhani atatukana, au atalia. Alikaa chini, pale pale kwenye udongo, mgongo ukutani, mikono yenye vitambaa imelala mapajani. Mzee naye akakaa kando yake, kwa shida, goti moja kwanza.

"Wewe ulipigana naye," Kipupwe alisema.

"Nilipigana naye."

"Na mimi ulipigana na mimi."

"Ndiyo."

"Basi niambie wewe. Hao wengine wote waongo. Ningemweza?"

Miaka yote ile nilikuwa nimesikia swali hilo likiulizwa uani kwetu, kwa chai na kwa makofi, na nilikuwa nimemsikia akilikwepa kwa kila namna. Sasa Mama hayupo, na mzee mwenyewe tumeshamzika, na watu bado wananiuliza kama aliwahi kujibu. Alijibu mara moja tu, na ilikuwa hapo.

"Raundi za mwanzo zingekuwa zako," alisema, taratibu, macho yake mbele kwenye milima. "Zote. Asingekuona. Watu wangemcheka, na hakuna mtu aliyewahi kumcheka. Wewe ungekuwa unagusa, unaondoka, unagusa, unaondoka."

Kipupwe alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilitikisika kidogo, kama mtu anayefuata wimbo anaoujua.

"Halafu?"

"Halafu miguu ingechoka. Yeye miguu haichoki, anabeba magunia. Angekufungia kona. Angekupiga ubavu huu, mara moja, halafu tena pale pale."

"Halafu?"

Mzee alipangusa udongo kwenye goti lake.

"Halafu ungeanguka," alisema.

Upepo ulipita uani. Mke wa Kipupwe alikuwa amesimama mlangoni. Kipupwe hakufumbua macho. Alikuwa anaisikiliza ile ngumi, naamini hivyo, anaihisi inavyoingia.

"Ningeamka?" aliuliza.

"Ungeamka."

"Una hakika?"

"Nilikuona," mzee alisema. "Mimi nilikuwepo. Ungeamka."

Kipupwe aliitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa. Kisha akafumbua macho, akamtafuta mkewe pale mlangoni, na akamwita kwa jina lake.

"Umesikia?" alimwambia. "Ningeamka."